Simu na tableti katika nasari: Malengo ya mwalimu na afya ya mtoto

Na Daktari Wetu, Keroka

JE, mtoto wa miaka minne anahitaji kompyuta darasani? Hili ni swali ambalo wazazi huniuliza kila Januari, wakati shule za nasari zinapofunguliwa na mabango yanapojaa kando ya barabara. Humu Keroka, mji uliokalia mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira kwenye barabara ya kutoka Kisii kwenda Sotik, shule ya kibinafsi isiyotaja masomo ya kompyuta katika bango lake huonekana kuwa imepitwa na wakati. Mzazi anayeuza ndizi sokoni hataki mwanawe aachwe nyuma na watoto wa Nairobi, na huwezi kumlaumu.

Jibu la daktari haliwezi kuwa neno moja. Tableti inafanana sana na dawa ninazoandika kila siku: ina kipimo chake, ina wakati wake, na inahitaji mtu mzima wa kuisimamia. Daktari hampi mgonjwa dawa kwa kuwa ipo kabatini. Humpa kwa sababu anajua anachotaka kutibu, na akiona haisaidii huisimamisha. Mwalimu naye anafaa kujua anataka kumfanyia mtoto nini kabla ya kuwasha kifaa.

Hivi majuzi mwalimu mmoja wa PP2 alinionyesha karatasi aliyoandika malengo yake matano ya kutumia teknolojia katika muhula mzima. Vifaa vyake ni simu yake mwenyewe, tableti mbili za shule na redio moja. Aliniuliza, "Daktari, kuna lolote hapa litakalowadhuru watoto?" Kwa idhini yake nitayapitia malengo hayo moja baada ya jingine. Naamini yanafanana na ya walimu wengi.

VIFAA VILIVYOTANGULIA

Kwanza tuelewe jinsi tulivyofika hapa. Kuanzia mwaka wa 2016 serikali ilisambaza tableti kwa wanafunzi wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Nasari hazikuwa katika mpango huo, kwani chini ya Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la serikali za kaunti. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, ujuzi wa kidijitali uliwekwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi ambao kila mwanafunzi anatarajiwa kuupata. Hivyo basi mwalimu wa nasari alipewa wajibu huo, lakini mara nyingi bila vifaa.

Kisha ukaja ugonjwa wa Covid-19. Shule zilifungwa Machi 2020, na watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, runinga na simu. Familia nyingi zilizoea kumpa mtoto simu ili atulie, na mazoea hayo hayakuisha shule zilipofunguliwa.

Kwa sababu hiyo, mtoto wa leo anapofika nasari tayari anajua kutelezesha kidole juu ya kioo cha simu. Kazi ya kumjulisha teknolojia imeshafanyika nyumbani, tena pengine kupita kiasi. Kazi iliyobaki kwa mwalimu ni kumwonyesha matumizi mengine.

KIPIMO CHA SIKU

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano mnamo Aprili 2019. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapendekezewi kukaa mbele ya skrini. Mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo unasema pia kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kusogeza mwili kila siku, na kati ya hizo dakika 60 ziwe za kumtoa jasho. Alale saa 10 hadi 13, usingizi wa mchana ukihesabiwa. Kwa watoto wa miaka mitano na kuendelea, shirika hilo lilisisitiza mwaka wa 2020 kwamba wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya kutoa jasho, na muda wa skrini wa kujiburudisha upunguzwe.

Wazazi na walimu wasisahau kwamba saa hiyo moja ni ya siku nzima. Darasa likitumia nusu saa na nyumbani mtoto atazame katuni kwa saa mbili jioni, kipimo kimepita zaidi ya maradufu. Mwalimu hawezi kuweka lengo lake bila kujua yanayotendeka nyumbani. Katika mkutano wa kwanza wa wazazi na aulize: Mtoto wako hutazama runinga au simu kwa muda gani kila siku? Hulala saa ngapi?

LENGO LA KWANZA: "Kila mtoto ataweza kutumia tableti."

Lengo hili halina madhara, ila ni dogo mno. Mtoto wa miaka mitano hujifunza kugusa na kutelezesha kidole kwa dakika chache bila kufundishwa. Mkono wake unahitaji mafunzo mengine. Katika umri huu mifupa midogo ya kifundo cha mkono bado haijakomaa yote, na misuli midogo ya vidole inaendelea kupata nguvu. Misuli hiyo huimarishwa na kazi za kufinya, kukunja, kukata na kufunga. Kugusa kioo laini hakuipi kazi kubwa.

Watoto wa Keroka wana bahati. Udongo wa mfinyanzi, mbegu za kupanga, kamba za mgomba za kusokota na mipira ya makaratasi hupatikana bila gharama. Nilimshauri mwalimu aliandike lengo hivi: "Mtoto atachora au kufinyanga kitu kwanza kwa mikono, kisha atakipiga picha kwa tableti na kutueleza ni nini." Hapo kifaa kimefuata kazi ya mkono, na mtoto amezungumza. Tableti mbili zinatosha darasa zima kwa sababu kila mtoto hukaa nayo dakika mbili au tatu tu.

LENGO LA PILI: "Watoto watajifunza herufi na sauti kwa video."

Hapa kuna habari njema. Kipindi cha katuni cha Akili and Me, kilichotengenezwa na shirika la Ubongo la Tanzania kwa ajili ya watoto wa nasari, kilifanyiwa utafiti mjini Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2018. Watoto waliokitazama walionyesha maendeleo katika mambo kama kuchora, kutambua maumbo na kuhesabu kuliko wenzao waliotazama vipindi vingine. Kwa hivyo video iliyotengenezwa kwa uangalifu, kwa umri unaofaa, inaweza kumfunza mtoto.

Tatizo huanza video inapochukua nafasi ya mazungumzo. Mtoto hujifunza lugha kwa kupokezana: yeye anasema, mtu anamjibu, naye anasema tena. Runinga haisubiri jibu lake. Katika kliniki huletwa watoto wa miaka mitatu wanaoweza kuimba herufi zote za Kiingereza kutoka A hadi Z, lakini hawawezi kuomba maji kwa lugha yoyote. Ukiuliza unaambiwa kwamba mtoto hushinda mbele ya runinga na msaidizi wa nyumbani ana kazi nyingi. Kuchelewa kusema kuna sababu mbalimbali, ikiwemo kutosikia vizuri, hivyo ni lazima mtoto apimwe. Hata hivyo, la kwanza ninaloagiza katika nyumba kama hiyo ni kuzima runinga na kuzungumza na mtoto kwa lugha anayoielewa, iwe Ekegusii au Kiswahili.

Mwalimu anayetumia video na aisimamishe kila baada ya dakika mbili au tatu na kuuliza: Huyu amefanya nini? Unadhani sasa atakwenda wapi? Watoto wajibu, wasimame, waige. Video ya dakika kumi itumie nusu saa, na sehemu kubwa ya muda huo skrini iwe imesimama.

Redio pia isidharauliwe. Miaka ya 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kujaribu masomo ya redio yanayowataka wanafunzi wajibu kwa sauti, katika kufundisha Kiingereza madarasa ya chini ya shule za msingi. Huko Zanzibar, kuanzia mwaka wa 2006, mradi wa RISE ulitayarisha masomo ya aina hiyo kwa watoto wadogo, yaliyoitwa Tucheze Tujifunze. Redio huuliza, hunyamaza kidogo, na watoto hujibu, huimba na huruka. Kwa jicho la daktari mtindo huo una faida kubwa: masikio yanasikiliza, mdomo unasema, mwili unasogea, na macho hayakodolei kitu.

LENGO LA TATU: "Kuwatuliza watoto baada ya chakula cha mchana."

Hili ndilo lengo nililomwomba mwalimu aliondoe. Namwelewa. Mtu mmoja mwenye watoto 40 wanaolia, wanaosukumana na wanaotaka kwenda msalani hupata nafuu kubwa katuni inapowashwa. Lakini kujituliza ni ustadi ambao mtoto hujifunza, kama vile anavyojifunza kutembea. Akipewa skrini kila anapochukizwa, hana nafasi ya kujizoeza. Utafiti uliochapishwa Marekani mwishoni mwa 2022 kuhusu watoto wa miaka mitatu hadi mitano uligundua kwamba wale waliozoea kutulizwa kwa simu na tableti walikuwa na hisia kali zaidi miezi kadhaa baadaye, hasa wavulana na watoto ambao kwa asili ni wachangamfu kupita kiasi.

Baada ya chakula mtoto wa nasari anahitaji usingizi au utulivu. Mkeka, pazia lililofungwa na hadithi fupi kwa sauti ya chini hutosha. Anayekataa kulala na apewe kitabu cha picha.

LENGO LA NNE: "Kurekodi hadithi na nyimbo za watoto."

Hili ni lengo bora kabisa katika karatasi nzima. Simu hiyo hiyo inayonyamazisha mtoto inaweza kumfanya aseme. Nyanya aliyealikwa darasani asimulie hadithi ya Ekegusii anaweza kurekodiwa, kisha watoto waisikilize tena na kuigiza. Mtoto mwenye haya anayesikia sauti yake mwenyewe hupata hamu ya kusema zaidi.

Nina tahadhari moja. Picha na video za watoto zisirushwe ovyo katika makundi ya WhatsApp au kuwekwa mtandaoni kutafutia shule wateja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Shule na iombe idhini hiyo kwa maandishi mtoto anaposajiliwa.

LENGO LA TANO: "Kuwasiliana na wazazi kuhusu maendeleo ya mtoto."

Lengo hili linaweza kuokoa maisha, ingawa sidhani mwalimu alikuwa na wazo hilo alipoliandika. Mwalimu wa nasari humwona mtoto muda mrefu kuliko daktari, na simu yake inaweza kunasa mambo ambayo hayatokei mbele yangu.

Kuna aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki. Hukatika ghafla, akatazama pasipo na kitu kwa sekunde kadhaa, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na jambo. Wengi humwita mzembe au mwenye ndoto za mchana. Video fupi ya tukio hilo, akipewa mzazi ailete kwa daktari, husaidia sana katika kutambua ugonjwa.

Jambo la pili ni macho. Picha inapopigwa kwa mwanga wa flashi, mboni za mtoto mara nyingi hutokea nyekundu. Ikiwa jicho moja ni jekundu na jingine linang'aa jeupe, mithili ya jicho la paka usiku, mtoto apelekwe kliniki ya macho wiki hiyo hiyo. Pengine ni pembe ya kamera tu. Pengine ni mtoto wa jicho. Lakini weupe huo unaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Ikitambuliwa mapema hutibika, na mara nyingi jicho lenyewe huokolewa. Ikichelewa inaweza kuenea hadi kwenye ubongo. Mtoto huwa halii wala halalamiki, kwa hivyo anayeona picha hiyo asingoje maumivu.

MACHO NA MASIKIO

Wazazi wengi huogopa kwamba mwanga wa skrini utampofusha mtoto. Hofu hiyo haina msingi. Yanayotokea ni haya: mtu akikodolea skrini hupepesa macho mara chache, macho hukauka na kuwasha. Aidha, kutazama vitu vya karibu kwa muda mrefu, pamoja na kukosa mwanga wa nje, kumehusishwa na tatizo la kutoona vizuri vitu vilivyo mbali. Huko Guangzhou, Uchina, watoto wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kukaa nje kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, takriban asilimia 30 kati yao walikuwa wamepata tatizo hilo, ikilinganishwa na karibu asilimia 40 ya wale ambao hawakuongezewa. Uwanja wa kuchezea ni kinga ya macho, na shule isiugeuze kuwa chumba cha kompyuta.

Mtoto ashike kifaa umbali wa mkono wake ulionyooka kiasi. Asitumie kwa zaidi ya dakika 15 mfululizo. Akionekana kukikaribia mno, kuinamisha kichwa upande mmoja au kufumba jicho moja, apimwe macho.

Anayeongeza sauti ya redio kila mara, au anayehamia karibu nayo, huenda hasikii vizuri. Katika nyanda hizi zenye baridi na mvua mafua ni mengi, na maambukizi ya sikio hufuata. Sikio linalotoa usaha si jambo la kawaida la utotoni, litibiwe. Vipokea sauti vya masikioni havihitajiki nasari.

HATARI ZISIZOONEKANA

Hatari kubwa kuliko zote katika vifaa hivi huenda ni ndogo kama sarafu. Betri bapa za duara, zinazopatikana katika vitabu vinavyoimba, vidude vya kuchezea na rimoti, zikimezwa zinaweza kukwama katika umio na kuuchoma kwa muda usiozidi saa mbili. Mtoto hutokwa na mate, hukohoa, hukataa chakula au hulalamikia kifua. Usimtapishe. Mpeleke mara moja katika hospitali yenye eksirei, na useme wazi kwamba huenda amemeza betri. Ikiwa ana zaidi ya mwaka mmoja na hazijapita saa 12, anaweza kulambishwa vijiko viwili vidogo vya asali mkiwa njiani, bila kuchelewesha safari. Kifaa ambacho kifuniko chake cha betri hakina skrubu kisiingie darasani.

Jingine ni radi, ambayo wakazi wa Kisii na Nyamira wanaijua vyema. Mawingu yakitanda, vifaa vyote vichomolewe kwenye umeme, na mtoto asishike chochote kilicho kwenye chaji. Tableti inayopita mikononi mwa watoto 40 nayo ipanguswe kwa kitambaa kilicholowa kidogo spiriti, hasa kunapokuwa na ugonjwa wa macho mekundu.

NYUMBANI

Juhudi zote za mwalimu zitaharibika ikiwa mtoto analala na simu. Mwanga wa skrini na msisimko wa katuni huchelewesha usingizi. Watoto wengi wa mjini huchukuliwa na magari ya shule alfajiri, na yule aliyelala saa nne za usiku anaamka akiwa hajapumzika. Darasani huonekana mtundu au mzito wa kufahamu, kumbe ana usingizi. Zimeni skrini zote saa moja kabla ya mtoto kulala, na simu isilale kitandani kwake.

MZAZI AULIZE NINI

Unapotafuta nasari, usiulize kuna kompyuta ngapi. Uliza maswali haya. Watoto hutumia vifaa kwa dakika ngapi kwa siku? Mwalimu hufanya nini wakati huo, yuko nao au yuko na kazi nyingine? Wanacheza nje kwa muda gani? Wakati wa chakula na wa kulala skrini huwa imezimwa? Na umeme ukipotea, kama unavyopotea mara kwa mara, somo huendelea vipi?

Mwone daktari ikiwa mtoto wa miaka miwili hawezi kuunganisha maneno mawili, au ikiwa wa miaka minne haeleweki na watu wasiomzoea. Mwone vilevile ikiwa maneno aliyoyajua yanapotea, au hageuki unapomwita kwa jina. Usingoje eti atasema akikua. Mtoto anayesaidiwa mapema, kabla ya kuingia Gredi ya 1, hupata nafuu kubwa kuliko anayesaidiwa baadaye.